Ndege Uliyemkubali Hospitalini

Baba yangu,

Sitakuuliza hali, kwa sababu hali yako naijua. Uko shambani Kathiani, upande wa juu, na nyasi zimeanza kuota juu yako kwa sababu fundi wa vigae anatuzungusha kila wiki na hadithi mpya. Mimi ni mzima. Mama ni mzima, goti tu ndilo linamsumbua anaposhuka mteremko. Nami nimekasirika nawe. Hapana, hasira ni neno la heshima mno. Nimechukizwa nawe, Baba, vile ninavyochukizwa kichinjioni asubuhi nikikuta mtu amepaka damu mbichi juu ya mzoga wa jana ili uonekane wa leo. Unaijua kazi yangu, wewe ndiye uliyenisukuma niisomee. Mkaguzi wa nyama haendi kazini kutafuta uzuri, anaenda kunusa. Basi nimelinusa neno ulilomwambia Mwalimu Mutinda kitandani hospitalini, na linanuka.

Naandika barua hii wazi, mwenye macho asome, kwa sababu neno lenyewe lilitangazwa kwa kipaza sauti mbele ya nusu ya Kathiani. Lililotoka hadharani tulizungumze hadharani.

Wasiokujua niwaeleze kidogo. Ulifundisha biolojia katika sekondari moja kule milimani, na Mwalimu Mutinda akafundisha jiografia. Meza zenu zilikaa pamoja chini ya dirisha lile lisilofungika. Siku moja shule ikaletewa maboksi ya majarida ya zamani, msaada wa watu wa ng'ambo, na katika jarida moja mkakuta habari za mnyama aliyechimbuliwa kwenye mawe ya Texas, huko Amerika. Aliyemchimbua alimpa jina Protoavis na kusema ndiye ndege wa kale kuliko wote, kwamba alikuwa akiruka mamilioni ya miaka kabla ya yule ndege wa mawe wa Ujerumani anayetajwa katika kila kitabu cha shule. Wataalamu wengine wakakataa. Walisema mifupa ile ilipatikana imevunjika na kutawanyika, na huenda ni ya wanyama kadhaa waliofia mahali pamoja, akaja mtu akawaunganisha kuwa mmoja. Nyumbani kwetu tulimwita Proto tu, kama jamaa wa ukoo aliyehamia mbali akatuachia kesi.

Mutinda alisema ni ndege. Wewe ulisema thibitisha kwanza kwamba ni mnyama mmoja, halafu ndiyo tutafute jina lake. Kwa hilo mlibishana miaka yote ya utoto wangu na zaidi. Kila Jumamosi nilikuwa nikisikia kikohozi chake langoni, na kabla hajanawa mikono mlikuwa mmeshaanza. Mama alipika muthokoi, na mahindi yale aliyatwanga mwenyewe mpaka maganda yakatoka, akayachemsha na maharagwe tangu asubuhi, kisha nyinyi mkayaacha yapoe mkigombania shingo.

"Mwalimu, shingo umeona?" Mutinda alikuwa akisema, kijiko kimesimama hewani. "Hiyo shingo ni ya ndege. Hata kuku wako hapo nje ako na hiyo shingo."

"Shingo nimeona. Sasa nionyeshe mwenye shingo."

"Mwenye shingo si ni huyo!"

"Huyo nani? Kichwa kimetoka hapa, mguu umetoka pale. Wewe unajuaje mguu si wa jirani?"

"Kuleni," Mama akawakatiza. "Huyo ndege wenu hata supu hawezi toa."

Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikijifanya nachambua mboga. Uliniita Mwaitu, mama yangu, kwa sababu mimi ndiye binti wa kwanza na nilipewa jina la mama yako. Basi hata nilipokuwa mdogo uliniuliza maoni kwa adabu, kama kweli unamuuliza mama yako. "Mwaitu, wewe wasemaje?" Nami nikakujibu kwa kichwa kizito: tumeona mifupa, hatujaona mnyama. Ulifurahi mpaka ukanimegea nyama yako. Unajua mtoto anayemegewa nyama kwa sababu ya jibu halisahau lile jibu. Nililibeba mpaka chuoni, nikalibeba mpaka kazini. Mtu akiniletea ini kwenye karai na kuniambia ni la ng'ombe yule pale, namwambia nionyeshe lilipokatwa kwanza.

Sasa ile siku ya kenge.

Nilikuwa kidato cha pili, nawe ulikuwa unanifundisha, jambo ambalo sikulipenda kwa sababu uliniuliza maswali magumu kuliko wenzangu ili wasiseme unanipendelea. Jamaa mmoja wa Masinga alikuletea kenge aliyekanyagwa na lori karibu na bwawa. Alimleta kwa boda boda, kafungwa ndani ya gunia, na safari ile ya jua kali haikumsaidia kenge. Ukachukua sufuria kubwa ya Mama, ile ya wageni, ukawasha moto nyuma ya choo, ukamchemsha mpaka nyama ikaachana na mifupa. Harufu ile, Baba! Mimi leo nimezoea mengi: majipu ya ng'ombe, matumbo yaliyopasuka, maini yanayotembea kwa minyoo. Lakini mvuke wa kenge yule uliochanganyika na moshi wa kuni mbichi bado naukumbuka kooni. Mvuke huo ulishika nguo zilizoanikwa, ukaingia kwenye unga. Mbwa wetu aliondoka akaenda kulala kwa jirani.

"Aiya!" Mama alisimama mbali, kanga puani. "Hiyo sufuria usirudishe kwa jikoni yangu. Kaa nayo. Ikupikie chai."

"Ni sayansi, Mama Mueni."

"Sayansi gani inanuka hivyo?"

Jumatatu ukaja darasani na ndoo. Ulikuwa umeichanganya mifupa ya kenge na mifupa ya kuku, ukaondoa vichwa vyote viwili, ukavunja baadhi, ukapaka masizi ili yote ifanane rangi. Ukamwaga yote juu ya meza ya maabara. Halafu ukafanya kosa ambalo wewe peke yako ungeweza kulifanya. Ukamtuma kiranja akamwite Mwalimu Mutinda.

"Mwalimu, tusaidie. Hawa watoto wameshindwa. Huyu ni mnyama gani?"

Alikuja na chaki bado mkononi. Alifurahi sana kuitwa, naona uso wake mpaka leo. Alikunja mikono ya shati, akapanga mifupa mmoja mmoja kwa upole, shingo ya kuku hapa, miguu ya kenge pale, mbavu za huyu ndani ya kifua cha yule. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu ni ndege," akasema. "Mkubwa kidogo. Pengine wa majini."

Ukatia mkono kwenye koti, ukatoa taya la kenge lenye meno, ukaliweka mahali pa kichwa.

Darasa zima lililipuka. Watu waliruka juu ya viti, mwingine akalia kwa kicheko akiwa ameshikilia mlango. Wewe ulicheka kidogo, kisha ukaacha ulipouona uso wa rafiki yako. Nilikuona ukiacha. Mwalimu Mutinda alifuta masizi mikononi kwa leso yake, akasema, "Haya, nimefundishwa," akarudi kwenye darasa lake la jiografia.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshapewa jina. Kenge. Mwalimu Kenge. Wanafunzi waliokuja baadaye hawakujua hata asili yake, walilirithi tu. Alipostaafu akafungua duka la hadwea Tala, la misumari na mabati na mabomba, na watu walielekezana kwa jina hilo hilo: pita stendi ya boda, ni hapo kwa Kenge. Hakuwahi kulalamika. Jumamosi iliyofuata ile siku ya ndoo nilisikia kikohozi chake langoni kama kawaida, mkabishana kuhusu shingo kama kawaida, nami kwa akili ya kitoto nikadhani yamekwisha.

Ulipolazwa mjini nilikuwa nakuja kila jioni nikitoka kazini. Nilioga kwanza, maana ulisema nanuka buchari. Ulikuwa umekonda, maneno yanakutoka kwa shida, na nilijua kitu kimoja tu cha kukuamsha.

"Baba, na Proto?"

Ukafumbua jicho moja. "Bado, Mwaitu. Tumeona mifupa. Hatujaona mnyama."

Nilitoka wodini nimeshiba, nikajiambia mzee wangu yupo, bado yuko mwenyewe. Siku chache baadaye wakanipigia simu nikiwa nakagua mbuzi.

Mazishi yako yalikuwa mazuri kama mazishi yanavyokuwa mazuri. Mahema yalitosha, chakula kilitosha, mchungaji hakurefusha. Historia yako niliisoma mwenyewe bila kulia. Halafu mshereheshaji akamwita rafiki wa marehemu, na Mwalimu Mutinda akasimama na koti lake la kijivu, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wengi wenu mnajua tulibishana na huyu ndugu yangu," akaanza. "Miaka mingi. Juu ya mnyama mmoja. Sasa nataka mjue, hatukuachana vibaya. Alinishika mkono hospitali, akaniambia, Mutinda, ulikuwa na haki. Alikuwa ndege."

Watu walipiga makofi. Mchungaji, asiyemjua Proto wala ukoo wake, alisema amina. Mwanamke nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Umeona? Alitubu." Alitubu! Nilimtazama yule mzee akifuta machozi kwa leso, nikaona mwizi. Niliona mtu aliyengoja miaka yote mpaka ukanyamaza, akakutia maneno yake mdomoni, akaufunga mdomo, na sasa anakufukia nayo. Udongo wako niliumwaga nikiwa namtazama yeye.

Kuanzia siku hiyo sikumsalimu. Nilipishana naye sokoni Tala nikavuka barabara. Nikawaambia watu, na unajua mimi nikiambia watu wanaambika: Mwalimu Mutinda amemsingizia maiti. Niliwaambia kichinjioni, nikawaambia kanisani, nikawaambia mashangazi. Ukoo ukagawanyika kidogo. Wengine walisema, si mnyama tu wa Amerika, ana faida gani kwetu? Nikawajibu sijali mnyama, najali mdomo wa baba yangu. Mtu amekaa maisha yake yote akikataa kusema asichokiona, halafu akizikwa anazikwa na maneno hayo hayo. Kukataa huko ndiko kulikuwa urithi wangu, Baba. Hukuniachia kitu kingine ninachokithamini hivyo.

Mwaka ulipokaribia kwisha shule ikatangaza kombe la mjadala kwa jina lako. Nani alikuwa nyuma yake? Mutinda. Kombe alilinunua yeye, na hoja akaichagua yeye: Yule mnyama wa Texas alikuwa ndege. Mwalimu mkuu akanipigia simu, familia itume mtu wa kusema machache kabla ya wanafunzi kuanza. Nikasema nitakuja mimi. Nilijua nitakalosema. Ningesimama mbele ya shule nzima na yeye akiwa ameketi mstari wa mbele, nimwite mwongo kwa jina lake. Si lile la Kenge. Nilitaka jina alilopewa na wazazi wake, lisikike vizuri.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa kwa Mama, tunachambua maharagwe. Nikamsimulia mpango wangu wote. Aliendelea kutupa mawe madogo pembeni.

"Usiseme hivyo," akasema mwishowe.

"Kwa nini? Ni mwongo."

"Si mwongo. Alisema."

"Nani alisema?"

"Babako. Alisema hivyo. Mimi nilikuwa hapo, nilikuwa nimemletea uji."

Nikadhani ni uzee. Nikamuuliza tena, polepole, kama mtu anayehoji shahidi. Naye akanieleza bila haraka. Mutinda alikuja mchana, akaketi kando ya kitanda, akaanza na shingo kama kawaida, halafu katikati ya shingo akavunjika akalia. Akakwambia mjukuu wake amerudi kutoka shuleni akamuuliza, Babu, kwa nini watu wanakuita Kenge? Akasema alitaka tu umwambie, kabla hujaenda, kama ulimwita siku ile ili watu wamcheke. Nawe ukamshika mkono.

"Akasema nini?" nikamuuliza Mama.

"Akasema, Mutinda, ulikuwa na haki. Alikuwa ndege. Sasa wacha kulia, unanilowesha shuka." Mama akacheka kidogo, akajifuta jicho. "Huyo mzee alilia tena, lakini ile ya furaha. Wewe ulikuja jioni."

Nilikuja jioni. Nimerudia hesabu hiyo kichwani nikitafuta mahali nilipokosea, sikupata. Mchana ulimpa Mutinda ndege wake. Jioni nikaja mimi, mwenye kiburi changu, nimeoga, nikakuuliza, nawe ukanipa mimi mifupa yangu. Kwa mdomo ule ule, na shuka lile lile labda halijakauka.

Mama alisema ulikuwa na moyo mzuri. Watu wote wanasema hivyo nikiwasimulia, na kila wakisema nazidi kuudhika. Moyo mzuri! Mfanyabiashara anayepaka damu juu ya mzoga naye ana moyo mzuri, hataki mteja aondoke na huzuni. Ulimkosea rafiki yako kwa ndoo ya mifupa, hilo najua, nilikuwepo. Ungeweza kumwomba msamaha. Ungesema, Mutinda, nilikuita siku ile ili watu wakucheke, na ilikuwa vibaya, nisamehe. Maneno hayo yalikuwa yako, ungeweza kuyatoa yote. Badala yake ukaenda kumchukulia mnyama wa watu, aliyelala zake kwenye mawe ya Texas bila kukukosea, ukamgeuza ndege ili usilazimike kusema nisamehe. Ulikwepa. Naliandika neno hilo juu yako. Baba yangu aliyemfokea kila mtu aliyekwepa.

Na linaloniuma zaidi ni langu. Kama ulimpa yeye alichotaka, ni nani aniambie hukunipa mimi nilichotaka? Labda ulikuwa umeshaamini ni ndege miaka mingi. Labda ulikuwa umeshaacha kujali. Labda uliona binti amechoka, ameshinda na mizoga tangu alfajiri, ukamwekea sahani yake anayoipenda. Sina namna ya kujua. Nimekunusa kila upande, Baba, na sina namna ya kujua, na hilo linanichefua kuliko kenge.

Nilikwenda shuleni. Nilifikiria kutuma mtu mwingine, nikaona huko nako ni kukwepa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mezani palikuwa na kombe, na karatasi za ratiba zilizochapishwa vizuri, zenye jina lako juu na chini yake maneno kwamba mwishoni Mwalimu alikubali. Mutinda alikuwa mstari wa mbele na koti lile la kijivu. Aliponiona alinyanyuka kidogo, kwa woga, maana alikuwa amesikia yote niliyoyasema juu yake. Nikampa mkono. Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu. Nilisema wewe ni mwongo. Mama ameniambia ukweli. Naomba msamaha." Nilisema kwa sauti ya kawaida, walio karibu walisikia. Haikuniua. Ilichukua muda mfupi kuliko ungefikiri, Baba.

Kisha nikaitwa mbele. Nikawaambia wanafunzi hivi, nakumbuka vizuri kwa sababu sikuwa nimeandika lolote:

"Hiyo karatasi inasema baba yangu alikubali. Ni kweli alimwambia Mwalimu Mutinda ni ndege. Siku hiyo hiyo jioni akaniambia mimi bado haijulikani. Alikuwa mgonjwa na alitupenda wote wawili. Kwa hivyo tafadhali, mtu asisimame hapa leo kusema Mwalimu alisema. Upande wa kutetea, msimtumie. Upande wa kupinga, pia nyinyi msimtumie. Baba yangu kusema hakuongezi mfupa hata mmoja. Ongeeni juu ya mifupa."

Kulikuwa na minong'ono. Mwalimu mkuu akaangalia saa. Nikageuka kurudi kitini, na hapo ndipo Mutinda alipozungumza, bila kipaza sauti, bila kusimama.

"Kwa hivyo alinionea huruma?"

Yule mzee alinitazama usoni, kofia kaishikilia magotini, naye alingoja kweli. Nataka ujue nilichohisi, kwa sababu sitamwambia mtu mwingine kwa maneno haya. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Neno "hapana" lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi: hapana Mwalimu, alikubali kabisa. Lilikuwa tamu. Lingemponya pale pale, na watoto wangepiga makofi, na mimi ningeenda nyumbani nikiitwa mtu mwenye moyo mzuri. Nilikuelewa kwa muda ule, na nikajichukia kwa kukuelewa.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Nafikiri alikuonea huruma. Nafikiri hata mimi alinionea."

Aligeuza kofia, akaitazama ndani. Kisha akamwashiria mwalimu mkuu kwa mkono kwamba waendelee, na binti wa kwanza wa upande wa kutetea akasimama, akasema mheshimiwa spika, akaanza na shingo.

Mjadala ulipokwisha nilimsindikiza Mutinda mpaka barabarani. Alitembea polepole. Upande wa kupinga ulikuwa umeshinda, lakini hilo si neno, walishinda kwa sababu walijiandaa vizuri zaidi. Karibu na lango akasimama.

"Nikwambie kitu, Mueni. Ile siku alikubali, mimi nilifurahi. Nilifurahi hadi nikafika stendi nikisema peke yangu kama mwendawazimu. Halafu nikangojea gari, nikajiuliza, sasa Jumamosi mimi naenda wapi?"

Nikamwambia lakini ulikuwa mgonjwa, Jumamosi zilikuwa zinakwisha hata hivyo.

"Najua alikuwa anakufa. Si mimi nilikuwa hapo?" Akavaa kofia. "Lakini ningekuja kubishana na yeye hadi siku ya mwisho. Ningekuja hata kama haongei. Sasa alikuwa ameshakubali, ningekuja kusema nini? Sikurudi tena. Wewe uliona mimi nikirudi?"

Hakurudi. Nilikuwa nimelisahau hilo, au nilikuwa nimelihesabu kama ushahidi kwamba ni mwongo. Siku zako za mwisho zote hakukanyaga wodini. Kwa hiyo hata zawadi yenyewe, Baba, ilimnyima kukuona. Ulimpa ndege, akaenda naye nyumbani, ukafa bila rafiki yako. Sijui kama ulimngojea. Sijui kama ulisikiliza kikohozi chake mlangoni.

Nimechoka kuandika na nimechoka kuchukizwa, lakini chukizo halijanichoka. Nakukosa pia, hilo lisikupotee. Natamani uwe hai unijibu kwa ukali, unifukuze mezani, uniambie Mwaitu umevuka mpaka, nami nikujibu kwa ukali zaidi. Ungekuwa hai ningegomba nawe mwaka mzima kisha ningeacha. Umekufa, kwa hiyo nabaki na ugomvi wote peke yangu.

Basi lala. Sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitapanda Kathiani mwenyewe, nisimame juu yako, nikuambie kwa mdomo wangu. Ukisikia kwa mtu mwingine yeyote, hata kama ni Mama, hata kama analia, usimwamini.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza